Maji ya Kamtungi

Fundi wa gari alifungua boneti, akachomoa vifuniko vya betri kimoja baada ya kingine, na harufu ikanifikia kabla yeye hajasema lolote. Harufu ya maji ya betri ni kali, ina uchungu fulani, na mtu huihisi zaidi kooni kuliko puani. Fundi aliniambia betri yangu imekauka kabisa, nikamwitikia, lakini akili yangu ilishaondoka hapo Embu mjini. Nilikuwa nimeketi sakafuni katika bucha ya Mzee Sefu kule Kiambere, mgongo nimeuegemeza kwenye magoti ya nyanya yangu, juu yetu paja la mbuzi linaning'inia kwenye ndoano, na sote tunamtazama kiumbe mmoja wa mviringo akipanda kilima na maji mgongoni.

Watu wa rika langu waliokulia mjini hushangaa nikiwaambia kwamba kwetu televisheni ilikuwa na harufu. Ilinuka asidi, mafuta ya mbuzi na ugoro wa Cucu. Cucu ndiyo nyanya kwa lugha yetu ya Kimbeere, na Guka ni babu. Bwawa la kuzalisha umeme lilikuwa pale pale chini yetu. Ukisimama katika shamba letu la pojo unaliona liking'aa. Nyaya nene zilipita juu ya mabati yetu zikipelekea watu wa mbali stima, na sisi chini yake tuliwasha koroboi. Hakuna aliyeona ajabu. Mwenye ng'ombe naye si kila siku hunywa maziwa.

Televisheni ya soko letu ilikuwa ya Mzee Sefu peke yake. Alikuwa Mwislamu mzaliwa wa Embu mjini. Babake alitoka kwingine na mamake kwingine, na akiulizwa yeye kabila gani, husema kabila lake ni bucha. Televisheni yake ilikuwa ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe, imewekwa kwenye rafu nyuma ya mizani, na ilitumia betri ya gari. Eriali ilikuwa mti mrefu wenye kifuniko cha sufuria juu, na kijana mmoja alikuwa na kazi ya kuuzungusha huku sisi ndani tukipiga kelele, "Rudisha, rudisha, chenga zimekuja."

Jumamosi jioni, kabla ya taarifa ya habari, kulikuwa na vichekesho vifupi vya watoto. Vilikuwa vifupi hivi kwamba ukienda msalani vimekupita. Havikuwa katuni za kuchorwa kwa mistari kama zile nyingine. Watu wake walikuwa laini na wenye kung'aa, wana vivuli vyao, wakigeuka unawaona mpaka mgongoni, na mimi nilisema wametengenezwa kwa sabuni ya mche iliyotumika ikaisha pembe. Mzee Sefu alisema la, wametengenezwa na kompyuta. Sikuwa nimewahi kuona kompyuta, basi nikaichukulia kuwa fundi fulani mwenye subira nyingi na kisu kizuri.

Kisa kilikuwa kimoja tu kila wiki. Juu ya kilima amekaa ndege mrefu mwenye shingo nyembamba, ameshika kikombe kitupu. Chini mtoni yuko huyu kiumbe wa mviringo, miguu mifupi, tumbo kama chungu, na anataka kumpelekea ndege maji. Hawasemi neno, ni muziki tu. Wiki hii ameyabeba kichwani, wiki nyingine kwa toroli, nyingine ameyafunga mkiani mwa mbuzi. Kila mara akifika juu hana hata tone. Ndege huchungulia kikombe, hupepesa macho, na kichekesho kinaisha. Watoto tulimpa yule wa mviringo jina la Kamtungi, na tulimpenda kwa ujinga wake.

Wanawake wa Kiambere hawakumpenda. Kwetu mtu aliamka alfajiri na punda kwenda kuteka maji, na mtoto aliyemwaga kikombe alilala akikumbuka alichofanyiwa. Kamtungi alipoangusha maji yake, wanaume na watoto walicheka, na wanawake waliokuwa wakingoja nyama walisonya kwa pamoja. "Maji yote hayo," mmoja alisema, akiwa amekasirika kweli. "Kwani huyu hana mama?"

Cucu alifika kwenye bucha hiyo kwa bahati. Guka alikuwa amefariki wakati wa kuvuna pojo, na tangu mazishi Cucu alikuwa kama mgeni aliyekwisha kuaga na anayengoja tu kusindikizwa. Alikunywa nusu kikombe cha uji akasema ameshiba. Mama alipomsihi aongeze, alimjibu kwa upole kwamba asijisumbue, yeye anangoja zamu yake. Nilimsikia Mama jikoni akimwambia Baba, "Mamako anatutoka hivi hivi tukimtazama." Mimi nilikuwa binti wa kwanza, nimepewa jina la Cucu kama desturi ilivyo, Wanjira kwa Wanjira. Guka alikuwa akinitania kuwa mke wake mdogo, na Cucu aliniita wajina. Kwa hiyo niliposikia kwamba Wanjira anatutoka, niliogopa mara mbili.

Jumamosi moja Mama alimshawishi ashuke sokoni achague ugoro mwenyewe, apate kunyoosha miguu. Tukaingia kwa Mzee Sefu kununua matumbo, Cucu akapewa kigoda, na Kamtungi akatokea. Siku hiyo alikuwa amebeba maji mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso, vile vile wanawake wa kwetu wabebavyo. Lakini alikuwa hajui. Mkanda ukateleza ukamfika puani, kisha shingoni, yeye akawa anaurudisha na kuendelea kupanda huku maji yakimtiririka mgongoni, na uso wake hauna wasiwasi hata kidogo.

Wanawake wakasonya. Nyuma yangu nikasikia mtu anakohoa. Niligeuka nimpige Cucu mgongoni, nikakuta hakohoi. Alikuwa anacheka. Alijiziba mdomo kwa pembe ya leso, mabega yanapanda na kushuka, machozi yanamtoka. Mama alisimama na matumbo ya mbuzi mkononi, damu inamdondokea kwenye kiatu, na hakusogea mpaka kicheko kilipokwisha. Usiku huo Cucu alimaliza githeri yake ya mahindi na maharagwe na kuuliza kama imebaki.

Mama hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Toka hapo Jumamosi jioni ikawa ya Cucu na televisheni, na kazi yangu ikawa kumpeleka na kubeba kigoda. Alicheka kila mara, hata siku ambazo Kamtungi hakuwa amechekesha sana. Tukimwuliza kinachomchekesha, alisema, "Si mnamwona?" Na tulimwona, ila hatukuona alichokiona yeye.

Matata yalianzia shuleni. Mwalimu wetu alichora bwawa ubaoni, akachora na nyaya, akasema stima yote inayopita juu ya nyumba zetu hutokana na maji, na bila maji hakuna stima. Mimi nilikuwa mtoto wa kuchukua maneno ya mwalimu na kwenda nayo hadi mwisho. Nyaya zile zilikuwa zikivuma mchana kutwa. Nikaelewa sasa kwamba ni maji yanayotembea ndani. Halafu siku moja nilimkuta Mzee Sefu amefungua betri ya televisheni, anamimina maji kwa uangalifu katika kila tundu.

"Mzee Sefu, kwani betri inakunywa maji?"

"Inakunywa sana. Na hii yangu haina adabu, kiangazi hiki imenimaliza."

Ndipo nilipopata picha yote. Televisheni inakunywa maji, Kamtungi anayapokea huko ndani, anayamwaga kilimani, nayo hayarudi. Shuleni si tulikuwa tumeimbishwa kwamba maji yakimwagika hayazoleki? Na bwawa lilikuwa linapungua. Mwenye macho haambiwi tazama. Kila nikisimama katika shamba la pojo niliona ukingo wa matope mekundu umepanuka, na mashina ya miti iliyozama kabla sijazaliwa yametokeza nje. Mama na punda wake walikuwa wanakwenda mbali zaidi katika matope yale, na kurudi mitungi haijajaa. Nyumbani tulipiga mswaki kwa maji ya kifuniko. Maji ya kunawia alipewa mbuzi, na mbuzi alitutazama kana kwamba tunamtania.

Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Kamtungi akiendelea, maji yataisha. Kamtungi akikoma, Cucu atarudi kwenye nusu kikombe chake. Nililala nikipima mtungi upande huu na Cucu upande ule, na kila asubuhi niliamka sijapata jibu. Sijui kama kuna jambo la ukubwani lililowahi kunichosha hivyo.

Kisha Jumamosi moja Mama alirudi kutoka bwawani baada ya punda kutumbukia matopeni hadi tumboni, mitungi imepotea miwili, na yeye mwenyewe ametapakaa matope mpaka kwenye nywele. Alikaa kizingitini akijikwangua matope miguuni. Jioni nilibeba kigoda kama kawaida, tukaenda na Cucu, nikamkalisha. Kamtungi alipoanza kupanda kilima, niliinuka nikasimama mbele ya televisheni.

"Mzee Sefu, tafadhali zima," nilisema.

"Zima kwa nini? Ndiyo inaanza."

"Maji yanaisha. Huyu anamwaga maji yetu."

Watu walicheka. Mwanamume mmoja akasema, "Huyu mtoto ni wa nani? Toka hapo, wewe si dirisha." Mzee Sefu hakucheka. Aliweka kisu chini, akajifuta mikono.

"Sikiza, mama," alisema. "Hayo si maji. Ni picha ya kompyuta. Hakuna tone hapo."

"Na betri inakunywa ya nani?"

Mzee Sefu aligeuka akaitazama betri. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Mjibu basi," na sauti yake haikuwa ya utani. Cucu hakujua Kiswahili kingi. Akauliza kwa Kimbeere nimesema nini, akaelezwa. Kisha akainuka, akakiokota kigoda mwenyewe.

"Kama wajina amesema maji yanaisha, twende," alisema.

Kamtungi alikuwa bado katikati ya kilima. Cucu hakugeuka kumtazama. Njiani nilimwuliza kama ameniamini, nikajibiwa, "Mimi nilizaliwa kabla ya bwawa. Sijui linakula nini." Alinishika mkono mpaka nyumbani, na mkono wake ulikuwa mwepesi sana.

Hatukwenda Jumamosi iliyofuata, wala nyingine. Kila asubuhi nilikimbilia shamba la pojo kuona kama bwawa limepanda. Lilikuwa limeshuka. Cucu alirudi kwenye nusu kikombe, tena sasa hakusema hata kwamba ameshiba, alikisukuma tu kando. Mama alipoona amenyamaza hivyo akaniuliza kwa nini siku hizi hatuendi kwa Sefu, nami nikamweleza yote, nyaya, betri na kilima. Nilitarajia kofi. Mama alikuwa anachambua pojo, akaendelea kuchambua.

"Maji huletwa na mvua," alisema, "na mvua haijanyesha. Kamtungi hana makosa. Mpeleke cucu wako."

Nilimpeleka Jumamosi hiyo hiyo, nimejaa furaha, kigoda kichwani. Mzee Sefu alitupisha mbele kabisa. Muda ukafika, na badala ya kilima ikatokea kwaya. Tulingoja ile kwaya iishe, ikafuata nyingine. "Vimekwisha vile," Mzee Sefu alisema, kana kwamba ni yeye aliyevimaliza. "Vilikuwa vichache. Wiki iliyopita ndiyo ya mwisho." Cucu alielezwa. Alisikiliza kwaya mpaka mwisho kwa sababu ni wimbo wa Mungu, akasema wameimba vizuri, na tukaondoka. Nilitembea nyuma yake nikilia kimyakimya. Nilikuwa nimemnyima kitu kwa sababu ya maji, na maji yenyewe hayakuwa yamerudi.

Kesho yake baada ya kanisa nilimkuta ameketi uani, mikono mapajani, anatazama ukuta. Nilichukua mtungi mtupu, nikaufunga mkanda wa Mama wa kubebea, nikaupitisha kwenye paji la uso. Nikavimbisha tumbo, nikakunja magoti, nikaanza kupanda kilima ambacho hakikuwapo. Nikauteremsha mkanda hadi puani, nikaurudisha, nikauteremsha hadi shingoni. Nilizunguka ua hivyo, kuku wakinipisha. Cucu alinitazama bila kucheka, na mimi nikaendelea kwa sababu sikujua la kufanya nikiacha.

"Hapana," alisema hatimaye. "Sivyo."

Aliinuka, akaja, akaushika mkanda. "Puani haukukaa. Uliteleza kwa sababu alikuwa na jasho. Na kila ukiteleza alikuwa anasimama, anasema, 'Naweza.'"

"Kamtungi hasemi, Cucu."

"Si Kamtungi. Guka wako."

Akanieleza akiwa amesimama, ameshika mkanda ule. Alikuwa ameolewa juzi tu, na mama mkwe amemtuma maji mtoni kwa mara ya kwanza. Siku kama hiyo boma zima hutazama bibi arusi atarudi vipi. Akateleza kwenye mteremko, kibuyu kikapasuka, akakaa chini akijua amekwisha. Guka alikuwa karibu akinywesha mbuzi. Alichukua kibuyu chake cha safari, akateka, akaomba mkanda, akajifunga kichwani kama mwanamke, wakati huo ambao mwanamume akionekana na maji mgongoni angetungiwa nyimbo. Na hakuwa anajua. Alimwaga, akarudi mtoni, akamwaga tena, akisema naweza, naweza, mpaka wote wawili wakaanguka vichakani kwa kicheko. Karibu na boma alimpa Cucu kibuyu kikiwa na maji kidogo tu. Mama mkwe alimtazama bibi arusi alivyolowa, akayatazama maji, akanywa yote, na hakuuliza kitu.

"Tuliapa hatutasema," alisema Cucu. "Yeye alinyamaza mpaka kaburini. Ningewaambiaje mimi?"

Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi, na hakujifanya kwamba hajasikia. Cucu akaurudisha mkanda kwenye paji la uso wangu, akausogeza mahali alipotaka, akanitazama, na hapo ndipo alipocheka. Kilikuwa kicheko kifupi. Kisha akaugonga mtungi, ukalia mtupu.

"Lakini kavu hainogi," alisema. "Mvua ikija utafanya na maji."

Sasa akawa na kitu kingine cha kungoja. Asubuhi aliuliza mawingu yamekaa wapi. Alitoka uani kusikiliza upepo, akabishana na Baba kuhusu mwezi, akasema ndege fulani amelia kwa hiyo si mbali. Na alikula. Mama alipomtazama anavyofuta bakuli, alisema, kana kwamba anajitetea, "Mtu hawezi kuingoja mvua kwa nusu kikombe." Ilichelewa mvua hiyo, ikatutesa wote, mbuzi mmoja akafa, lakini Cucu hakurudi tena nyuma.

Ilinyesha mchana. Ilianzia ng'ambo ya bwawa, tukaiona inakuja juu ya maji kama pazia, kisha mabati yakalia tusisikie tena kitu. Mapipa yalijaa, masufuria yakajaa, hata sahani zilitolewa nje. Mama, ambaye tangu nizaliwe sikumwona akiachia tone, alichukua mtungi akaujaza mpaka mdomoni, akanibebesha mgongoni, akanifunga mkanda.

"Mwaga," alisema.

Cucu aliketi kwenye kigoda chini ya mabati. Nilipanda kilima changu katika matope, mkanda ukateleza kwa kweli, sikuhitaji kuigiza. Maji baridi yakanishuka mgongoni hadi kwenye visigino. Nikasimama nikasema, "Naweza." Nikaurudisha, ukateleza, nikasema tena. Cucu alicheka akainama, akashika ubavu, akacheka mpaka leso ikamwanguka. Kisha akainuka, akatoka nje, mvua ikampiga kichwani, na akanivua mkanda.

"Lete," alisema. "Ni mimi niliyetumwa."

Akajibebesha mgongoni yale yaliyobaki, mkanda ukakaa pale pale unapotakiwa kukaa, akatembea hadi mlango wa jikoni bila kumwaga hata tone. Mama alimtazama mama mkwe wake alivyolowa. Akachukua kikombe, akateka, akanywa yote, na hakuuliza kitu.